Meli ya Nani? Imani na Sababu Halisi katika Masimulizi ya Kuzama kwa Vijli

Stima ya Vaitarna ilipotea tarehe 8 Novemba 1888 katika dhoruba nje ya pwani ya Saurashtra, Gujarat, ikitoka Mandvi kuelekea Bombay. Ilichukua abiria 703 na mabaharia 43, hakuna aliyeokoka. Kwa kuwa iliwaka taa za umeme, wenyeji waliiita Vijli, yaani umeme. (Msomaji wa Kenya, ambaye neno stima humpa maana zote mbili, hatashangaa.)

Wimbo wa maombolezo wa msiba huo, ambao Jhaverchand Meghani aliuingiza katika mkusanyiko wake Radhiyali Raat, humwita nahodha Haji Kasam kwa jina na kuihesabu meli kuwa yake. Hapo ndipo upotoshaji unapoanzia, kwani Vaitarna ilikuwa mali ya kampuni ya A. J. Shepherd ya Bombay. Kimilikishi cha nafsi ya pili kinahamisha umiliki, na umiliki ukihama, lawama nayo huhama. Ngano inayoandamana na wimbo inaikamilisha kazi hiyo: inadaiwa kuwa fakiri mmoja wa Kisufi alimbariki Haji Kasam apate meli 99, na Vijli ikawa ya mwisho. Kwa mantiki hiyo, meli ilizama kwa sababu hesabu ilikuwa imetimia. Simulizi nyingine, kwamba msimamizi wa bandari ya Porbandar alimwonya nahodha naye akakaidi, inaelekea kuwa na mantiki zaidi; lakini utafiti wa baadaye haukuithibitisha, nayo inamrudia mtu yuleyule.

Uchunguzi uliofanywa Bombay ulibaini jambo lisilo na fumbo lolote: stima haikuwa na maboti ya uokozi wala majaketi ya kujiokolea ya kutosha. Katika ngano ya fakiri, maboti hayana nafasi.

Hata hivyo, kuiita ngano hiyo ushirikina mtupu na kuiacha hapo ni uhakiki mvivu. Stima zilizotumwa kutafuta mabaki hazikuona kitu. Jamaa hawakupata maiti ya kuzika, na sababu iliyotoka kwa fakiri angalau iliwafikia vijijini. Masimulizi haya pia yamehifadhi kumbukumbu za maharusi na za wanafunzi waliokuwa wakienda kufanya mtihani wa matrikulesheni. Udhaifu wake ni kwamba huruma kwa waliokufa imekuja pamoja na ukimya kuhusu kampuni, na ukimya huo umerithiwa. Hata Gunvantrai Acharya, alipotoa riwaya juu ya msiba huo mwaka 1954, aliipa jina linalomwita Haji Kasam.