Waridi la Njano Halijachanua

Mwaka 1742 Jan van Huysum, mchoraji wa Amsterdam, aliandika barua kueleza kwa nini picha aliyoagizwa haijaisha: waridi la njano halikupatikana mwaka ule. Alikuwa na miaka sitini, na mawaridi alikwisha kuyachora mengi. Angeweza kulichora lile kwa kukumbuka tu. Hakukubali.

Picha yake moja iliyopo National Gallery, London, maua katika chombo cha udongo, ameitia sahihi na miaka miwili: 1736 na 1737. Tulipu huchanua majira ya machipuko, waridi hufuata baadaye. Kwa hiyo mashada ya namna hii hayakuwahi kusimama juu ya meza ya mtu yeyote. Yalikusanywa ua kwa ua, kila moja likichorwa kwa zamu yake kabla ya kunyauka.

Watazamaji wa Uholanzi waliijua Biblia, na maua waliyasoma. Yungiyungi lilikuwa usafi wa Bikira Maria. Kipepeo aliyetoka katika kiwavi aliashiria ufufuo, inzi, uozo. Petali iliyoanguka mezani iliwakumbusha nabii Isaya, aliyemfananisha mwanadamu na ua la kondeni. Tulipu yenye michirizi ilikuwa na historia yake: mwaka 1637 bei ya vitunguu vya maua hayo iliporomoka ghafla. Michirizi yenyewe, ilikuja kujulikana baadaye sana, huletwa na virusi vinavyoenezwa na vidukari. Uzuri uliogharimu fedha nyingi kiasi kile ulikuwa ugonjwa.

Alama hizo mtu angeweza kuzikariri. Kilichokuwa kigumu ni kumfanya mtazamaji aione petali ikilegea. Waridi jekundu lilianza na tabaka zito la rangi hafifu. Likikauka, juu yake hupakwa wekundu mwembamba uliolainishwa kwa mafuta, mwanga upite hadi chini na kurudi. Rangi ya mafuta haiharakishwi. Na tazama tone la umande: upande unaoelekea mwanga ndio hutiwa giza, pamoja na nukta moja nyeupe, na ung'avu hupelekwa upande wa pili, kwa kuwa maji huupitisha mwanga. Anayechora tone bila kulichunguza hufanya kinyume chake.

Rachel Ruysch, mchoraji mwingine wa Amsterdam, alizaa watoto kumi na hakuiacha brashi. Akiwa na miaka 83 bado alichora, na umri huo akauandika kando ya jina lake. Mimi namweka mbele hata ya van Huysum, kwa sababu mashina yake hupinda kwa uzito wa kweli wa ua.

Kijani cha majani mara nyingi kilipatikana kwa kupaka njano juu ya buluu, na njano nyingi za wakati ule hazikustahimili mwanga. Ndiyo maana katika picha nyingi za aina hii majani leo ni ya buluu. Ukizikuta, usidhani mchoraji alikosea. Sogea karibu, anza na majani hayo, kisha panda taratibu hadi kwenye tone la umande.