Minofu na Mapanki

Filamu ya Hubert Sauper iitwayo Darwin's Nightmare, iliyotolewa mwaka 2004, ilizua mabishano makali. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania aliikemea hadharani kuwa inalichafua jina la nchi. Sisi walimu wa Kiswahili tulio upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria twaona inafaa kuipima kwa mizani yetu, yaani kwa maneno yake.

Habari yenyewe yatokea Mwanza. Sangara, ambaye huku kwetu huitwa mputa, hukatwa minofu kiwandani, na minofu hiyo husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya. Vichwa na mifupa iliyobakiwa na nyama kidogo huuzwa kwa wenyeji, ikaanikwa na kukaangwa. Hayo ndiyo mapanki. Samaki ni yuleyule mmoja, bali majina ni mawili, na anunuaye minofu halisikii kamwe jina la pili. Tena sangara mwenyewe ni mgeni: alitiwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, naye akawala furu wa aina nyingi ambao hawakupatikana penginepo duniani. Gharama hiyo nayo haikuandikwa katika bei.

Sifa kubwa ya filamu hii ni kwamba haihubiri. Inatuonyesha ndege ikipakiwa minofu, kisha inatuonyesha watu wakianika mapanki katika harufu ichomayo macho. Hesabu anaachiwa mtazamaji.

Hata hivyo, tumeona kasoro mbili. Kwanza, kamera haivuki bahari. Mlaji wa minofu hatumwoni mezani pake, na kwa hiyo mwenye deni hana uso, ilhali uso wa maskini tunaonyeshwa kwa karibu mno. Pili, suala la silaha limepewa uzito kupita ushahidi wake. Rubani mmoja anakiri kwamba aliwahi kupeleka silaha Angola, akarudi Ulaya na shehena ya zabibu. Ungamo hilo linatikisa moyo, lakini safari hiyo haikuwa ya Mwanza, na mtazamaji asiye makini huenda akazichanganya.

Je, nasi tumesalimika? Hata kidogo. Kila mwaka tunafundisha somo la sokoni: “Bei gani?” “Punguza kidogo, mama.” “Haya, lete.” Mwanafunzi akishajua kuomba apunguziwe, tunampa alama zote. Hatujamfundisha kuuliza ni nani aliyevua, alipata nini, na mabaki yamekwenda wapi. Sarufi ya maswali hayo ni nyepesi, hata darasa la mwanzo laiweza.

Walimu wenzetu, muhula ujao tuliongeze somo hilo maswali hayo matatu. Tuanze na samaki, kisha tujaribu sukari, chai na shati la mtumba.