Funika Maneno Kwanza

Kibaha, kando ya Barabara ya Morogoro, kuna kituo kinaitwa Picha ya Ndege. Kondakta hulitamka jina hilo kwa pumzi moja huku akigonga bodi, na abiria hushuka bila kujiuliza: ndege yupi, wa manyoya, au ile ya injini? Neno moja limewabeba wote wawili, na jina la kituo halina kitenzi cha kuwatenganisha. Msemaji anaweza kupita hapo maisha yake yote bila kuamua. Mchoraji hawezi. Kalamu ikishagusa karatasi, lazima achague mdomo au propela.

Kila ninapoulizwa kwa nini nahesabu vibonzo kuwa fasihi, naanzia hapo. Lugha yetu ina milango mingi iliyoachwa wazi. "Alikuja akalia": mwanamume au mwanamke, mzee au mtoto, sentensi haisemi. Mwandishi wa riwaya anaweza kukuficha jambo hilo hadi sura ya tatu. Mchora katuni hana mahali pa kuficha. Mtu akiingia, anaingia na nguo zake, umri wake na viatu vilivyokwisha upande. Ila anapokosa siri hiyo, anapata nyingine iliyo kubwa zaidi: anaweza kuyaacha maneno yaseme hili na mkono ufanye lile.

Hilo nilifundishwa Kisarawe, chini ya mkorosho, na bibi yangu ambaye hakujua kusoma. Ilikuwa miaka ya 1980, na jarida la Sani lilikuwa likizunguka kutoka nyumba hadi nyumba mpaka jalada linabanduka. Jina lake lilitokana na waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, kila mmoja ametoa silabi ya mwanzo. Miongoni mwa waliolipa sura ni Philip Ndunguru, kijana aliyefariki 1986 akiwa ndiyo kwanza anachanua. Mle ndani waliishi Lodi Lofa, Madenge na Ndumilakuwili.

Mimi nilikuwa nakimbilia viputo vya maneno, kwa sababu nilikuwa nimejua kusoma juzi tu na nilitaka kusikika. Bibi alinizuia. "Mume wangu," aliniambia, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, "funika maneno kwanza." Akaweka kidole gumba juu ya kiputo, akamtazama Ndumilakuwili kwa muda mrefu, macho, mabega, namna alivyosimama, kisha akasema: "Huyu anadanganya. Sasa soma." Nikasoma, na kweli, maneno yalikuwa matamu mno.

Baadaye, katika shule moja, mwalimu alininyang'anya nakala yangu akisema hayo si masomo. Sikuweza kumjibu wakati ule. Leo ningemwonyesha ule uwazi mweupe kati ya kisanduku kimoja cha picha na kingine. Katika kisanduku cha kwanza mdaiwa ameketi, kikombe mkononi. Katika cha pili kiti ni kitupu, mlango uko wazi, na kikombe bado kinafuka moshi. Hakuna aliyeandika kwamba amekimbia. Hakuna aliyechora mbio zake. Ni wewe uliyemkimbiza, na ukamkimbiza kwa kasi unayoijua mwenyewe. Sijui mwandishi wa nathari asiyetamani uwezo huo.

Wazaramo walikuwa wanaelewa nguvu ya kuacha kitu bila kukionyesha, muda mrefu kabla ya mashine za uchapaji. Mtazame mwana hiti, kinyago kidogo anachopewa mwali akiwa ndani: kichwa chenye nywele zilizogawanywa mafungu mawili, matiti, kitovu. Mikono hana, miguu hana. Kinatosha kubebwa, kuogeshwa, kupakwa mafuta na kutunzwa kama mtoto. Fundi aliyekichonga alijua kipi akitoe ili kinachobaki kipumue. Christian Gregory naye alilijua hilo katika katuni zake za Chakubanga za gazeti la Uhuru, mistari michache tu, na msomaji anamtambua mtu kabla hajasoma neno.

Siku hizi nina kitabu cha Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, alichokichora kwa maandishi ya Christophe Cassiau-Haurie na kikatoka 2014: Madame Livingstone. Ni kisa cha 1915, cha rubani Mbelgiji aliyetumwa Ziwa Tanganyika kuizamisha meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, meli ileile ambayo sisi tunaijua kwa jina la MV Liemba. Kimeandikwa Kifaransa, nami Kifaransa changu ni cha salamu. Huyo anayeitwa Madame, kumbe ni mwanamume aliyevaa sketi ya Kiskoti. Ukisimuliwa kwa Kiswahili, "alifika", "alisema", "akacheka", ungeweza kwenda mbali kabla ya kujua.

Nikakifungua barazani Kisarawe, pale pale kwenye mkorosho. Ziwa lilikuwa pana, na maneno yalikuwa mengi juu yake. Nikaweka kidole gumba juu ya kiputo cha kwanza, nikaanza kumtazama rubani machoni.