Matundu Manne Chini ya Msumeno

Ukarabati wote wa kiko ulikuwa mrefu na wa subira, lakini watazamaji watakumbuka sehemu moja tu. Kaywoodie Drinkless ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia imefunguliwa, mrija umebanwa kwenye jiliwa, na fundi anachukua msumeno wa chuma. Mikwaruzo kadhaa, gololi ya stinga, kile kipande cha metali kilicho mwishoni mwa mrija, inaanguka mezani. Sababu aliyoitoa ni kwamba moshi ulikuwa unapita kwa shida.

Lilikuwa kosa la wazi, tena la aina isiyorekebishika.

Stinga si zote sawa. Kwenye Dr. Grabow nyingi za Linkman, kampuni ya Chicago, stinga imechomekwa tu: mvutaji asiyeitaka huivuta kwa koleo, akaiweka kwenye droo, na mjukuu wake akitaka kuirudisha ataikuta. Kaywoodie haikujengwa hivyo. Gololi, shina lake na nyuzi za skrubu zinazoingia kwenye shingo ya kiko ni metali moja iliyoshikana na mrija. Hakuna cha kuchomoa. Fundi aliyefika mpaka kwenye nyuzi hizo alikuwa na ushahidi wote mbele ya macho yake, na bado akakata.

Hoja ya moshi nayo haisimami. Kazi ya gololi ni kuupokea moshi wa moto kwenye metali iliyo baridi zaidi, ili unyevu ugande hapo badala ya kufika ulimini. Jina Drinkless linatokana na ahadi hiyo. Ni kweli kwamba stinga huubana moshi kidogo, na kijiti cha kusafishia hakipiti. Lakini ile iliyoonekana ilikuwa imejaa lami ya miaka mingi, matundu yake yameziba. Kiungo kilichoziba huoshwa kwanza, ndipo kihukumiwe. Usiku mmoja ndani ya spirti, sindano nyembamba kwenye kila tundu, kisha kiko kiwashwe na kijaribiwe. Hatua hiyo haikuchukuliwa. Msumeno ulitangulia uchunguzi.

Na matundu yenyewe yalikuwa manne. Msomaji wa ukurasa huu hahitaji kuelezwa maana yake: manne ni dalili ya Kaywoodie ya zamani, matatu yalikuja baadaye, kama ilivyo kwa namba za maumbo, ambapo tarakimu nne zilitangulia mbili. Kwenye gololi za enzi hiyo kuna pia maandishi madogo, Reg. No. 213598. Kuikata gololi ni sawa na kufuta namba ya injini kwenye gari la kale ili lipate kasi. Kilichobaki kinavutika, bila shaka. Lakini mkusanyaji atakayekishika baadaye itabidi aamini maneno ya muuzaji, na historia ya biashara ya viko haijampa sababu nyingi za kufanya hivyo.

Kama mteja alitaka moshi usiobanwa, angeweza kutafutiwa mrija wa Kaywoodie iliyokwisha haribika, wenye nyuzi zinazokubaliana na zile za shingo, na ule wa asili ukafungwa kwenye kitambaa na kukabidhiwa pamoja na kiko.

Kazi nyingine ilikuwa nzuri: ukoko ulikwanguliwa kwa kiasi, shingo ilioshwa vizuri, na ukijani wa mrija wa ebonaiti ulitoka.

Halafu likaja gurudumu la kung'arishia. Safu hii imelalamikia gurudumu hilo mara nyingi na itaendelea. Mng'ao wa kioo haukuwapo kiko kilipotoka kiwandani, na kila mzunguko hula ncha za herufi zilizogongwa kwenye mbao. Na herufi hizo zina maana: kwa viko vya Tracy Mincer wa Indianapolis, kistari kilicho kati ya Custom na Bilt ndicho kwa kawaida kinachotenga kazi ya mwanzo na ile iliyogongwa Custombilt kwa neno moja baada ya hapo. Bill Unger aliandika kitabu kizima kuhusu viko hivyo, akisoma mihuri kwa uvumilivu ambao mafundi wa leo hawana. Angefanya kazi gani kama kila kiko kingepitishwa kwanza kwenye gurudumu?

Wapenzi wa viko vya Dunhill watauliza kelele ni za nini, maana kwao kiko cha Marekani ni bidhaa ya kaunta ya duka la dawa. Dharau hiyo ni ya zamani na imechosha. Kaufman Brothers & Bondy, waliotengeneza Kaywoodie, walianza New York mwaka 1851, wakati Alfred Dunhill hajazaliwa. Vita vya Pili vya Dunia vilipoziba njia ya mzizi wa briari kutoka nchi za Mediterania, hawakufunga milango: walichimba mizizi ya manzanita huko California, wakauza viko vyake kwa jina la Mission Briar. Kampuni ya S. M. Frank iliwanunua mwaka 1955, na wakusanyaji wengi huuhesabu mwaka huo kuwa mpaka kati ya Kaywoodie za zamani na za baadaye. Kiko kilichokatwa kilikuwa cha upande bora wa mpaka huo, na hakuna kiko cha Dunhill ambacho kingeguswa na msumeno bila watu kupiga yowe.

Fundi huyo ametangaza kwamba kazi yake ijayo ni Yello-Bole ya zamani ambayo haijawahi kutiwa tumbaku. Bakuli lake bado lina ule mpako wa manjano wenye asali, ambao kiwanda kiliupaka ili mvutaji asipate taabu ya kuzoeza mbao mpya. Tayari amesema anataka kuona briari tupu ndani, na msasa ameshaununua.