Kigae cha Ukutani, Pete ya Kidoleni

Huku Kibabii, magharibi mwa Kenya, chuma huvaliwa kwa kishindo. Agosti ya mwaka wa shufwa ikifika, omusinde, kijana anayesubiri kutahiriwa, huzunguka kwa jamaa zake akigonga chinyimba, njuga zake za chuma, kwenye vyuma alivyofungwa mikononi, na mlio ukienda mbali, sifa humrudia mhunzi. Mtu aliyelelewa na sikio hilo akioneshwa pete ya Lamu, kwanza huidharau. Kipande cha sahani iliyovunjika, kimezungushiwa fedha, basi.

Dharau hiyo huisha ukijua kigae kilikokuwa. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Katika vyumba vya ndani kabisa, ukuta ulipambwa kwa zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, na humo viliwekwa vyombo vya kauri vilivyovuka bahari kutoka China. Kwingine bakuli lilizamishwa katika chokaa yenyewe, likawa sehemu ya jengo: kaburi la nguzo la Mambrui lilipambwa hivyo, na la Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, vilevile. Kuta zilipoporomoka, vigae vilibaki mchangani. Kwa hiyo pete hii imebeba usanifu wa mji, wala haikuuiga tu.

Sonara huanza kwa kuchagua, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Kigae kina ua la buluu lililokatika, pengine jani moja na nusu ya mstari. Ua likikaa katikati kabisa, pete hupooza. Fundi mzuri huuacha mstari ukimbilie pembeni umezwe na fedha, jicho lako likaumalizie lenyewe. Kisha hukisaga taratibu kwa maji, maana kauri ikipata pigo baya hubanduka ngozi yake ya kung'aa.

Fedha nayo hufuliwa iwe bamba jembamba, ikakatwa utepe, utepe ukazungushwa kwa kipimo cha kigae na kulehemiwa kwenye kitako. Kulehemu hutangulia, kwa sababu kigae kingekuwamo, moto ungekipasua. Mwisho ndipo kinapotiwa, na ukingo husukumwa juu yake kidogo huku, kidogo ng'ambo, kwa zamu. Anayemaliza upande mmoja kabla ya kuugusa wa pili huishia na mkunjo usiofutika. Pitisha ukucha kwenye ukingo: ukinasa, kazi haijaisha.

Wakusanyaji hupenda kuambiwa kigae ni cha karne nyingi. Tahadhari. Mji wa kale wa Lamu umo katika Urithi wa Dunia tangu 2001, na sheria ya Kenya ya makumbusho na turathi ya 2006 inalinda mabaki ya kale. Mahame ya Shanga na Takwa si machimbo ya vito. Sahani iliyovunjika jikoni juzi haina aibu yoyote kwenye pete. Aibu ni kuizushia ukoo. Mimi nanunua mkono wa fundi, si umri wa udongo.

Ukifika Lamu, muulize sonara kigae kimetoka wapi kabla hujauliza bei. Akikujibu kwamba ni cha sahani ya kawaida, na ukucha wako haujanasa popote, mlipe bila kunung'unika.