Mkanda wa Susu, Uzi wa Fedha

Susu, nyanya yetu wa Masii, alikuwa na bonde dogo kwenye paji la uso. Ukimpangusa jasho, kidole chako kilizama kidogo kikaibuka upande wa pili. Lilichimbwa na mukwa, mkanda wa ngozi aliobebea maji na kuni tangu usichana wake. Sisi wajukuu tulidhani wanawake wote huzaliwa nalo.

Nilikuwa mtu mzima nilipoutazama mkanda wenyewe vizuri. Upana wake haukuwa mmoja. Kuelekea mzigoni ulikuwa mwembamba, ukakaribia kuwa kamba. Penye paji ulitanuka kama kiganja, na upande wa kugusa ngozi ulikuwa umelainishwa kwa mafuta mpaka ukang'aa. Mzigo uleule ukitandazwa mahali papana hauumi sana. Susu alilijua hilo bila kuliandika popote. Mwaka 1986 Profesa Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kiluo na Kikuyu, wanaobeba kichwani na wanaobeba kwa mkanda wa paji: mzigo uliofikia asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama ya nguvu walipotembea. Watafiti walistaajabu. Susu angeuliza tu kwa nini mzigo wa kupimia haukupelekwa nyumbani kwa mtu.

Mkanda huo hunijia akilini kila nisomapo habari za vifaa vya kuvaa usoni vya kutibu macho kwa umeme.

Kuna maradhi ya kurithi yaitwayo retinitisi pigmentosa. Chembe za retina zinazotuwezesha kuona gizani ndizo hufa kwanza. Mtu huanza kujikwaa jioni, hujizoeza kufika nyumbani kabla jua halijatua, kisha uwanja wa macho yake hujikunja kutoka pembeni hadi akabaki akitazama dunia kama kupitia bomba. Madaktari wa hospitali ya macho ya Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, wamejaribu kuyapunguzia kasi maradhi haya kwa umeme hafifu unaopitishwa kwenye konea, kwa imani kwamba umeme huo huiamsha retina itoe kemikali za kuzilinda chembe zilizosalia. Jaribio lao la mwaka 2011 lilikuwa la wagonjwa 24, dakika 30 kila wiki kwa wiki sita, na kundi lililopewa umeme mwingi zaidi lilipata nafuu kidogo katika upana wa kuona. La baadaye, la wagonjwa 52 kwa mwaka mzima, lilileta matumaini madogo zaidi. Tiba hii haifufui kilichokufa. Inachotafuta ni muda, na muda kwa mtu anayepoteza macho ni kitu kikubwa.

Umeme wenyewe haukuwahi kuwa kikwazo. Mwaka 1755 Charles Le Roy, tabibu wa Ufaransa, alimzungushia kijana kipofu waya kichwani, akamfunga mwingine mguuni, akampitishia mshtuko wa umeme. Kijana hakupona, ila aliona kitu kama mwali wa moto ukishuka mbele yake. Kwa hiyo ni zaidi ya miaka 250 tangu tujue kwamba jicho lisiloona linaweza kuamshwa na umeme. Kazi iliyobaki ilikuwa kuufikisha pale kwa upole ambao mtu ataukubali wiki hii, na wiki ijayo, na mwakani. Ndiyo kazi ninayoivulia kofia.

Tazama kifaa cha Kijerumani kiitwacho OkuStim. Huvaliwa kama fremu ya miwani isiyo na vioo. Mbele ya kila jicho kuna vishikio viwili, na katikati yake umepita uzi mwembamba unaopitisha umeme, yaani elektrodi. Ni wa ukoo wa uzi wa nailoni uliotiwa fedha, ambao Dawson, Trick na Litzkow waliueleza mwaka 1979 kwa ajili ya kupima umeme wa retina. Uzi hulala kwenye ukingo wa kope la chini, ndani ya unyevu wa machozi, ukiigusa konea kama unywele ulioanguka. Ukikazwa mno unakwaruza. Ukilegea unateleza. Mvaaji naye anapepesa macho, anameza mate, anapiga chafya, na uzi hauna budi kuyavumilia yote hayo kwa nusu saa.

Elektrodi nyingine hubandikwa kwenye panja, kati ya jicho na sikio, na huko kuna fumbo lake. Umeme hupenda kukusanyika kwenye ukingo wa elektrodi, kwa hiyo ngozi huanza kuwasha pembeni. Ngozi ikiwa kavu huukataa. Umeme nao hutafuta kijitundu chenye jasho na kupita hapo kwa wingi, ndipo mtu anahisi sindano. Dawa yake ni jeli, ukingo wa mviringo na eneo pana. Mukwa tena.

Hata kipimo cha umeme hutoka kwa mvaaji. Daktari huupandisha taratibu mpaka mgonjwa aseme anaona mmweko ukipepea pembezoni, kisha huhesabu dozi yake kutokana na hapo.

Juu kidogo ya soko la Machakos kuna fundi wa miwani ninayemtembelea hata nisipokuwa na shida. Hupasha moto mkono wa fremu kwa hewa ya joto, akaukunja kwa dole gumba, akausubiri upoe ukiwa umeshikwa. Mkunjo lazima uanze pale sikio linapoanza kushuka. Ukiwahi kidogo tu, mteja atarudi Jumatatu na kichwa kinauma. Hamuulizi mtu kama inambana, kwa sababu wateja wa heshima husema haibani. Huwaongelesha habari za mvua na mahindi kwa dakika kumi, halafu huivua fremu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo hapekui kwa macho. Hupitisha kidole nyuma ya sikio na kwenye pua akitafuta kishimo.

Vidole kama hivyo vimekosekana katika viwanda vingi. Fremu za dukani kwa miaka zimefuata pua nyembamba iliyoinuka, nasi tumezoea kuzisukuma juu kila baada ya sentensi. Ackeem Ngwenya, mbunifu mzaliwa wa Malawi, ni mmoja wa walioanzisha Reframd huko Berlin ili fremu zichorwe kufuata pua pana kama zetu. Nywele nazo zina kesi yake: mwaka 2020 Arnelle Etienne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walionyesha kwamba elektrodi za kupima ubongo hushika vizuri nywele nzito zikisukwa mistari, na vibanio vikajikaza chini ya misuko. Msusi yeyote wa Machakos angewaelekeza njia hiyo mapema.

Mji huu pia una Taasisi ya Kiufundi ya Wasioona, ambako watu waliopoteza macho hujifunza kazi za mikono. Ningekuwa na uwezo, mbunifu wa kifaa chochote cha namna hii angekaa hapo muhula mzima kabla ya kuchora mstari. Angeulizwa maswali magumu. Plagi ya kushoto inajulikanaje kwa kidole? Uzi unawekwaje na mtu asiyeuona? Kikimhitaji jirani mwenye macho aje akivalishe, kitaishia ndani ya sanduku, na umeme wake mzuri pamoja nacho.

Wiki iliyopita nilimkuta fundi wangu na mama mmoja wa Kathiani. Alikuwa amemvua na kumvika fremu mara nne. Mara ya tano alirudi nyuma hatua moja.

"Sasa inama, mama, kama unayeinua kyondo."

Mama akainama hadi magotini. Akaongeza kutikisa kichwa bila kuambiwa. Fremu ilitulia palepale, na fundi akazima kipasha moto chake.