Kungoja Kioo

Fundi wangu wa Athi River huanza kazi kwa kupuliza. Mji huu ni wa saruji, na vumbi likikaa ndani ya feni miaka miwili hufanya utando wa kijivu, mzito kama blanketi. Akiletewa laptopu inayonguruma kama posho mill na kuunguza mapaja, hahitaji kuuliza mwenyewe anaishi wapi.

Yangu ni ThinkPad T480, toleo la 2018, niliyoinunua ikiwa imeshachoka na kazi za ofisi huko Uingereza. Walimu wa Kiswahili huiita kipakatalishi. Watu hulicheka jina hilo. Mimi nalipenda, kwa sababu limebeba kupakata, na kinachopakatwa huwa hakitupwi ovyo.

Kifuniko chake cha chini kimeshikwa na skrubu zisizotoka kabisa. Ukizilegeza hubaki kwenye matundu yake, zisipotelee chini ya meza. Aliyebuni hilo bila shaka aliwahi kupiga magoti akipapasa sakafu. Ndani mna nafasi mbili za RAM, na betri ni mbili: moja ndani, nyingine nyuma, ya kuchomolewa na kupachikwa nyingine huku mashine ikiendelea na kazi. Stima ikipotea, mimi naandika. Mwaka uliofuata ikaja T490. RAM moja ikalehemiwa kwenye bodi, betri ya kuchomoa ikaondolewa, mashine ikawa nyembamba kidogo. Wembamba huo sikuuomba.

Huko Marekani, kampuni ya Framework ilianza mwaka 2021 kuuza laptopu iliyoundwa makusudi ifunguliwe na mwenyewe. Bodi yenye prosesa mpya huingia katika gamba lile lile la zamani, na bisibisi huja nayo. Sijaiona mezani kwa fundi yeyote wa hapa, ila wazo lake si geni kwetu. Nani ametupa jembe kwa kuvunjika mpini?

Tangu Oktoba 2023 mji wetu una kiwanda cha EADAK kinachounganisha simu, na ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, kuunganisha vipande vipya vinavyofanana ni ufundi wa aina moja. Kufungua kitu kimoja kilichochoka na kutambua kinachodai ni ufundi mwingine. Huu wa pili ndio unaonivuta nikae kwenye kigoda cha fundi hata nisipokuwa na shida.

Safari hii shida ilikuwa kioo. Cha zamani, ukikitazama kwa upande, rangi ziligeuka na nyuso za watu zikawa za maiti. Nilitaka chenye nukta 1,920 kwa 1,080.

“Pini ngapi, mwalimu?” fundi akaniuliza.

Sikujua kwamba kioo kina pini. Akakichomoa, akasoma kibandiko cha nyuma kwa kurunzi ya simu: 30. Vile vya kugusa kwa kidole huwa na 40, na kebo yake ni nyingine. Tuliyemwagiza Nairobi akatuletea cha 40. Kikarudishwa, tukangoja upya.

Wala sikuudhika. Jirani yetu ni Mlolongo, mji ambao watu husema uliitwa hivyo kwa foleni ya malori kwenye mizani, kwa hiyo kungoja tunakujua. Lakini anayengoja kipuri hangoji gizani. Anajua namba yake, anajua kitakaa wapi na kitashikwa na nini. Usiku nilijikuta nasoma namba za vioo kama mzazi mtarajiwa anayepitia majina, huku kile kibovu, kilichorudishwa mahali pake, kikiendelea kunimulikia.

Kilifika siku ya 19, kwa matatu, kimebanwa katikati ya kadibodi mbili. Fundi akakigeuza kabla hata ya kunisalimu, akamulika kibandiko.

Pini 30.